Ukurasa wa Sitini na Mbili

Tega sikio nikutegee, wewe uliyekaa hapo. Ana mgongo mmoja na matumbo mengi. Watoto wanampekua matumbo kutwa nzima naye halalamiki. Hali wala hanywi, na siku akinywa maji, hata ya kikombe, ndiyo siku ya kuugua kwake. Nani huyo?

Usinipe mji. Nimepewa Lindi, nimepewa Mtwara, hadi Unguja nimepewa, na bado nachota maji palepale. Fikiri polepole. Ukishindwa, jibu limelala ndani ya ndoo ya Isabela, kwenye foleni ya bomba la Kitangari, mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado mbali.

Foleni ile haikuwa ya watu, ilikuwa ya ndoo. Alfajiri kila nyumba ilileta ndoo yake ikaipanga nyuma ya mwenzake, nyingine zimefungwa kitambaa kwenye mkono ili zisifanane, kisha wenyewe wakaenda mikoroshoni kuokota korosho. Ndoo ilisimama badala ya mtu na ilikuwa na haki za mtu: hairukwi, haisogezwi pembeni. Maji yalikuwa hayajatoka kwa siku tatu, na foleni ilikuwa imepinda mpaka ukuta wa ghala.

Ndoo ya Isabela ilikuwa ya bluu, ya kumi na tisa kutoka mbele. Chini kabisa ndani yake kulikuwa na kitabu kilichozungushiwa nailoni nyeusi. Alikificha humo kwa sababu mama yake, Josephina, alishaapa kwamba akisikia tena habari ya kitabu kwenye foleni atakitia jikoni chini ya sufuria. Isabela alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la tano, ingawa tangu Septemba darasa hilo alikuwa akilisomea dirishani. Shule haikuwa mbali na bomba. Akishapanga ndoo alikimbia akasimama nje ya dirisha la nyuma, akasikiliza hesabu, akarudi kuangalia kama foleni imesogea, akakimbia tena.

Siku hiyo maji yalitoka yeye akiwa dirishani.

"Ya nani hii ya bluu?" aliuliza msimamizi wa bomba. "Mwenyewe hayupo. Iruke."

"Isirukwe," alisema Rukaiya, jirani yao, mama yake Ashraf. "Hiyo ni ya nyumba yenye mgonjwa. Nipe mpira nijaze mimi."

Rukaiya alikuwa mwanamke mwenye huruma na mwenye haraka. Alifunua, akaona nailoni nyeusi kule chini, akajua ni ile ya kufunika maji yasiruke mtu anapotembea, maana kila ndoo ya uwanda huu ina yake. Akasema moyoni itaelea yenyewe. Akaelekeza mpira.

Isabela alirudi akihema, akakuta ndoo imejaa na nailoni haijaelea. Aliingiza mkono mpaka begani. Alipokitoa kitabu, maji yalichuruzika kutoka katikati ya kurasa kama yanatoka kwenye chuchu za ng'ombe, ya kahawia.

Walio nyuma yake walicheka.

"Leo kwa Bi Cecilia ni supu ya kitabu."

"Mwache, mwenzenu anataka kunywa elimu. Kuisoma anaona inachelewa."

Rukaiya peke yake hakucheka. "Jamani, mwanangu, mimi nilijua ni nailoni ya kufunikia. Kwa nini uliweka kitabu mahali pa maji?"

Isabela alikikandamiza kitabu kwa viganja, maji yakazidi kutoka. Msimamizi alimwambia kama maji yale hayataki amwage, lakini kurudia foleni ni kesho. Hakuna mtu wa Kitangari anayemwaga maji mwezi wa kumi. Alijitwika. Kitabu alikishika kifuani, kikimlowesha gauni, akapita katikati ya foleni nzima huku watu wakimpisha njia kama wanavyompisha mtu aliyebeba msiba.

* * *

Nyumba ilikuwa ya Bibi Cecilia. Aliijenga marehemu mumewe, na sasa waliishi humo wanawake watatu: Bibi mwenyewe, binti yake Josephina, na Isabela. Lameck, baba yake Isabela, alikuwa Masasi anafyatua matofali, na alisema atarudi Krismasi. Josephina alikuwa na mimba ya miezi saba iliyokuwa imetishia kutoka mara mbili. Muuguzi wa zahanati alimwambia asinyanyue hata mwiko mzito. Kwa hiyo alilala chumbani, mlango wazi, akiendesha nyumba kwa sauti.

Bibi Cecilia naye macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe mwaka wa pili sasa. Mtu alimwona kama kivuli, mlango kama mwanga. Alikaa ukumbini kwenye mkeka akichambua korosho kwa vidole, nzuri huku, mbovu kule, na vidole vilikuwa havikosei.

"Bibi," alisema Isabela, na akaishia hapo.

"Lete."

Bibi alikipokea. Hakuuliza kimefanya nini. Kilikuwa kizito kama mtoto mchanga. Alikipapasa mgongo, akakifungua katikati, akanusa.

"Ni cha Tatu?"

"Ndiyo, Bibi."

Kilikuwa kitabu cha hadithi ya msichana Tatu aliyemwongoza punda kipofu kuvuka nchi ya chumvi, ili amrudishe kwa mwenyewe. Baba yake Bibi Cecilia, aliyekuwa mwalimu wa dini, alimletea akiwa darasa la tatu, pamoja na kingine cha ndege wa kisiwani. Vyote viwili vilikaa kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Katika vitabu hivyo ndimo Isabela alimojifunzia kusoma kabla hata hajaanza shule, amekaa mapajani mwa Bibi, kidole juu ya kidole. Bibi alikuwa na sheria: mikono inaoshwa kwanza, kona ya ukurasa haikunjwi, mate hayagusi karatasi. Picha ya punda aliipaka rangi mwenyewe utotoni, kwa maji ya kisamvu kilichotwangwa, na kila mara walipoufikia ukurasa ule Isabela alimwambia punda "Shikamoo", na Bibi akaitikia kwa sauti nzito ya punda, "Marahaba."

"Kijani cha punda kimeenda mpaka usoni kwa Tatu," alisema Isabela, na hapo ndipo alipolia.

"Nyamaza. Chana kile kitambaa cha kanga iliyochakaa. Kila ukurasa tunauwekea kipande. Kisha tunakianika juu ya mfuko wa sandarusi, kivulini, jua lisikikaushe kwa hasira."

Walifanya kazi hiyo wawili, kipofu na mwenye macho, ukurasa kwa ukurasa. Walipofika sitini na mbili Isabela alisita. Ukurasa ule ulikuwa wa mwisho uliobaki, na ulikatikia njiani. Aliusoma kwa sauti, ingawa wote wawili waliujua kwa moyo:

"'Tatu akagonga mlango mara ya tatu. Ndani alisikia miguu ikija. Komeo likaondolewa, mlango ukafunguka, na aliyefungua alikuwa'."

Baada ya hapo hapakuwa na kitu, ila ncha za karatasi zilizochanwa.

"Bibi, nani alizichana?"

"Panya."

"Panya hachani kwa mstari mnyofu. Nimeuona vizuri. Umenyooka kama umepigwa rula."

"Wa zamani walikuwa panya wenye adabu."

Isabela hakucheka. "Na ulipokuwa unanisomea wewe, mwisho ulikuwa unausoma wapi? Pasaka uliniambia aliyefungua ni mama yake Tatu. Nilipoumwa malaria ukasema ni mwenye punda. Mara moja ukasema ni sultani. Mimi nilidhani unasoma."

Vidole vya Bibi vilirudi kwenye korosho. Nzuri huku, mbovu kule.

"Nikutegee kitendawili?"

"Sitaki kitendawili, Bibi. Nataka jibu."

Kutoka chumbani sauti ya Josephina ilikuja. "Mama, na wewe mwache huyo mtoto apike. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni, mnabembeleza makaratasi. Na wewe Isabela, nilikuambia nini kuhusu kitabu kwenye foleni?"

"Maji nimeleta, mama."

"Umeleta ndoo moja. Nyumba ya watu watatu na nusu, ndoo moja, kwa siku tatu. Ungekuwa umekaa pale pale ungepata na zamu ya pili. Wenzako wamechota mbili mbili."

Ilikuwa kweli, na Isabela akaenda kuwasha moto. Jioni walikula ugali wa muhogo na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, na chakula chote kilikuwa na harufu ya bati la biskuti, maana kilipikwa kwa maji yale ya kitabu. Josephina alikula mpaka mwisho, akaweka sahani chini, akaomba simu.

* * *

Gideoni, kaka yake Josephina, alikuja Jumamosi kutoka Chilangala na pikipiki. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga madumu mawili ya maji. Maji meupe, ya tanki lake la kuvunia mvua, siyo haya ya bomba yenye rangi ya chai. Watoto wa jirani walisimama kuyatazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Gideoni. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Korosho zinatulemea tu. Zinaanguka kuliko mikono ya kuokota."

Hakuzunguka sana. Kwa watu wa huku mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake, na neno la mjomba halihitaji utangulizi mrefu. Alikaa barazani, Bibi Cecilia pembeni yake, na Josephina akasikiliza kutoka kitandani.

"Mama Isabela amenipigia. Nimefikiri hivi. Mimi maji ninayo, mikono sina. Nyinyi mikono mnayo, maji hamna. Isabela aje kwangu aokote korosho. Mimi Jumatano na Jumamosi nitaleta madumu mawili, hivi mnavyoyaona. Mama Isabela atapumzika mpaka ajifungue. Hakuna wa kulala njaa wala kiu."

"Na shule?" aliuliza Bibi.

"Shule gani, mama? Nimepita kwa mwalimu wake hapo. Anasema mtoto huyu amemwona kwa jicho moja tangu mwezi uliopita, jicho la dirishani. Hiyo ni shule? Ataendelea mvua zikinyesha."

"Mpaka mvua."

"Mpaka mvua tu. Wiki sita, saba."

Bibi Cecilia aligeuza uso kuelekea chumbani. "Josephina?"

Sauti ilikuja, nayo haikuwa ile ya kuendesha nyumba. "Mama, mimi nimelala hapa naangalia paa. Nikiinuka, mtoto wa tumboni anatoka. Nisipoinuka, aliyezaliwa anabeba ndoo mpaka shingo inaingia mabegani. Unataka niseme nini? Niambie, nitasema."

Bibi alitafuta akilini mwake kasoro katika hesabu ya Gideoni, akaipapasa kila upande kama anavyopapasa korosho, asiione. Gideoni hakuwa mtu mbaya. Maji aliyaleta kweli, yamekaa pale.

Isabela alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mjomba, shikamoo. Naweza kubeba vitabu?"

"Marahaba, mama. Vya nini? Huko ni kazi, jioni umechoka. Vitaliwa na mchwa bure. Viache kwa Bibi yako."

"Bibi haoni."

Gideoni alicheka kidogo, bila ubaya. "Basi vitakuwa vinamwona yeye. Kafungashe, twende kabla jua halijakaza."

* * *

Isabela aliingia ndani kufungasha. Rukaiya alileta vitumbua vitatu kwenye bakuli, tangu siku ile ya ndoo alikuwa hajaacha kuleta kitu kila siku. Gideoni alimiminiwa chai. Aliteremsha madumu kwenye pikipiki akayapanga karibu na mlango, moja kwa mkono wa kulia, moja kwa mkono wa kushoto.

Ndipo Bibi Cecilia alipoisikia. Sauti ndogo kutoka chumba cha nyuma, iliyokokotwa polepole kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya wengine. Ikasita. Ikaja ya pili.

Kuna vitu vingi vinavyochanika ndani ya nyumba, na mwenye nyumba anavijua vyote kwa sikio: kanga, sandarusi, jani la mgomba. Bibi aliweka kikombe chini.

"Isabela, unachana nini?"

"Sichani kitu, Bibi."

"Njoo nacho."

Msichana alitoka. Mkononi alikuwa na karatasi tatu za kile kitabu cha ndege wa kisiwani. Bibi alinyoosha mkono, akapewa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Ulikuwa mnyofu, na bado una unyevu.

"Umekunja kwanza," alisema Bibi, "kisha ukalowesha kwa ulimi."

"Ndiyo, Bibi. Ili nisikiumize." Isabela alianza kusema haraka haraka. "Nimechukua zile tu ambazo sijazisoma tena mwaka huu. Mjomba amekataza vitabu, hizi siyo kitabu. Nitazishona kwenye pindo la kanga. Mvua ikinyesha nitazirudisha, nitazibandika kwa ubwabwa, hutajua."

"Hebu ona," alisema Gideoni. "Mtoto anaiba karatasi kama wenzake wanavyoiba sukari."

Bibi Cecilia alipitisha kidole kwenye ukingo ule mara ya pili, mara ya tatu, hata Rukaiya akamwinamia kuona kama ameshikwa na kizunguzungu.

"Gideoni," alisema mwisho, "maliza chai yako urudi. Huyu haendi."

"Mama, tulishayamaliza haya. Mjomba wake ni mimi."

"Na mimi ndiye niliyekuzaa ukawa mjomba."

"Mama!" Ilikuwa Josephina. "Maji atachota nani? Niamke?"

"Lala. Foleni ni ya ndoo, siyo ya macho. Nitakwenda na ndoo yangu alfajiri nitakaa nayo, nitaishika mkono isirukwe. Isabela ataingia darasani kwa kupitia mlangoni. Yakitoka maji, Rukaiya atanitwika."

Rukaiya alifungua mdomo, akaufunga, akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba hawezi kuonekana. "Nitakutwika, Bi Cecilia."

"Utajitwika lita ishirini wewe?" Gideoni alisimama. "Uanguke pale makorongoni, watu waseme Gideoni ana tanki na mama yake amekufa na ndoo kichwani?"

"Watasema. Nitabeba nusu. Nikienda mara mbili itakuwa ndoo."

"Watakucheka."

"Wamezoea. Wiki hii walicheka supu."

"Wiki sita tu, mama. Mpaka mvua. Nakuomba sababu moja tu, nielewe. Wiki sita zitampunguzia nini?"

Uso wa Bibi ulikuwa umeelekea mahali aliposimama mjukuu wake, kivuli chembamba mbele ya mwanga wa mlango. Gideoni alisubiri. Alipoona halipati jibu, alikwenda kwenye madumu, akashika mpini wa moja, akalinyanyua kidogo, maji yakagonga ndani. Jirani na Bibi na mgonjwa na mtoto, wote walimsikiliza. Akalirudisha chini. Akakaa, akavuta kikombe, akakuta chai imepoa, akainywa hivyo hivyo.

Nje ya ua ndoo tatu zilipita vichwani mwa watu, tupu, zikienda kupangwa.

Isabela hakuwa na hakika kama anaruhusiwa kufurahi. Alichukua karatasi tatu kutoka mkononi mwa Bibi, akazipanga ncha kwa ncha, akaupima ule ukingo mnyofu kwa kidole kama Bibi alivyoupima. Kisha akaacha kupima. Akauliza polepole, siyo kwa kushtaki.

"Bibi. Zile za Tatu, nani alizichana?"

"Mimi," alisema Bibi Cecilia. "Nilikunja, nikalowesha kwa ulimi, nikachana. Karatasi nne, zile za mwisho ambazo nilikuwa sijazifikia. Nilikuwa darasa la nne, mama yangu anaumwa, na mjomba wangu ananisubiri nje na baiskeli. Walisema mpaka mama apone. Nilizishona kwenye pindo la kanga nikasema nitazisoma huko huko, jioni. Mke wa mjomba alinipokea vizuri, akasema mtoto ana vumbi la safari, akanivua kanga akaifua siku ile ile, kabla sijafumua uzi. Mama alipona baada ya miezi miwili. Hakuna aliyekuja kunichukua. Kwa hiyo aliyefungua mlango, mjukuu wangu, mimi simjui. Sijawahi kumjua."